Kopo la Siagi ya Mfungo

Kila siku saa nane mchana, Dimyana alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akautoa ufunguo aliouvaa shingoni kwa uzi, akafungua mlango na kusema, "Nimerudi."

Hakuna aliyejibu. Alijua hakuna atakayejibu, lakini alisema hivyo hivyo, kwa sababu nyumba isiyosemeshwa huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kwenye mlango wa friji mama yake alizoea kubandika karatasi. Alhamisi moja iliandikwa: "Maharage yamo sufuriani. Pasha moto. Fanya hesabu kwanza, televisheni baadaye. Nitarudi saa moja." Mama yake, Samiha, alikuwa muuguzi katika hospitali ya mji. Baba yake, Rizq, alikuwa fundi wa viyoyozi huko Kuwait, na sauti yake ilifika nyumbani mara moja kwa wiki, Alhamisi alasiri, endapo mtandao ungekubali.

Walihamia Tahta, mji wa kusini mwa Misri, kutoka Kairo mwezi wa Septemba. Sasa ilikuwa Aprili, Kwaresima iko ukingoni, na Dimyana, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa bado hajapata rafiki wa rika lake. Shuleni walimcheka namna anavyotamka maneno. Kanisani, kwenye mafundisho ya Ijumaa, wasichana walimsogezea benchi lakini si mazungumzo. Yustina, ambaye sauti yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana, alimpa jina: Binti Kairo.

"Binti Kairo, eti kwenu mkate unakatwa kwa kisu?"

"Ndiyo. Wakati mwingine."

"Maskini! Mkate umewakosea nini?" Benchi zima likaangua kicheko.

Rafiki yake mmoja tu alikuwa Karas, mtoto wa miaka minane aliyelelewa na bibi yake. Walikutana Jumapili moja ya Oktoba kwenye ngazi za nyuma ya kanisa. Watoto wengine walikuwa uani wakila mikate iliyopakwa siagi na jibini, na Karas alikuwa amekaa ngazi ya tatu na kopo lake la bati magotini, akila viazi vya kuchemsha kimya kimya. Dimyana alikaa ngazi ya nne.

"Mbona huli na wenzako?" alimwuliza.

"Maziwa yananiua," alisema Karas, kama mtu anayesema viatu vinambana. "Na wewe, mbona huli na wenzako?"

Dimyana alifungua mkate wake, akaanza kula.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili walikaa pamoja, ngazi ya tatu na ngazi ya nne. Kisha ikaja Kwaresima Kuu, na Karas akageuka mtoto mwingine. Siku hamsini na tano Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, hawali nyama, hawanywi maziwa, hawagusi jibini wala siagi ya mnyama. Mezani huja maharage, mbaazi, dengu, tahini ya ufuta, na ile siagi ya mfungo inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea, isiyokuwa na hata tone la maziwa. Watu wazima walizihesabu siku hizo kwa kuguna. Karas alizihesabu kwa hofu kwamba zitaisha.

"Kwaresima ndiyo sikukuu yangu," alimwambia Dimyana. "Naweza kula kwa yeyote. Bibi haniulizi nimepewa nini na nani. Siku hizi kila mkono ni salama."

Aliacha kukaa ngazini. Alikula uani, katikati ya wenzake, mdomo umejaa na mikono imejaa. Dimyana alifurahi kwa ajili yake. Lakini ngazi ya nne, ukiikalia peke yako, ina baridi hata mwezi wa Aprili.

*

Alhamisi hiyo, Dimyana alipotoka shuleni, aliitwa getini mwa kanisa na Tasoni Nargis, yaani Dada Nargis, mwalimu wao wa mafundisho. Yustina na wasichana wengine wawili walikuwa pale wakifagia vumbi. Upepo wa khamasini ulikuwa umeanza kuvuma kutoka jangwani, na kila walichofagia kilirudi.

"Dimyana, mwanangu, nyumba yenu ndiyo ya karibu kuliko zote, na friji ya kanisa imekufa." Tasoni Nargis alimpa mfuko wenye makopo mawili ya siagi ya mfungo. "Kesho baada ya misa tuna watoto arobaini wa kulisha. Yaweke kwenye baridi, maana joto hili litayafanya supu. Kesho uje nayo mapema. Wewe ndiye utakayepaka mikate."

"Mimi, Tasoni?"

"Yeye, Tasoni?" alisema Yustina kwa wakati uleule. "Ataipaka kwa kisu na uma!"

"Na wewe utafagia mpaka jioni," alisema Tasoni Nargis, "ili mdomo wako upate mwenza wa kazi."

Wasichana walicheka, na kwa mara ya kwanza hawakuwa wakimcheka Dimyana. Alivuka barabara mbio, mfuko ukimgonga mapajani. Wewe ndiye utakayepaka. Alilirudia neno hilo kila ngazi.

Alikuwa kwenye ghorofa ya pili simu ilipolia mfukoni. Baba! Mtandao ulikamata vizuri juu ya paa tu, kwa hiyo hakusimama mlangoni pao. Alipanda hadi juu, akauweka mfuko kwenye ukuta mfupi karibu na banda la bata wa jirani, akaibana simu sikioni ili upepo usimnyang'anye maneno.

"Binti yangu! Unanisikia?"

"Nakusikia, Baba. Baba, kesho mimi ndiye ninayepaka mikate ya watoto wote. Tasoni amenichagua mimi."

"Mwenyezi Mungu akubariki mkono. Sikiliza, mpenzi wangu..." Upepo ulivuma, kisha sauti ikarudi. "...mwajiri amekataa likizo. Sitakuja Pasaka. Labda mwezi wa nane. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usilie."

"Silii, Baba. Ni vumbi."

Simu ilipokatika alikaa kidogo akiwatazama bata. Kisha akashuka, akafungua mlango, hakusema "Nimerudi", akajilaza na viatu vyake. Mama yake alimkuta amelala fofofo, akamvua viatu na kumfunika.

*

Asubuhi ya Ijumaa mama alikwisha kwenda zamu. Dimyana alifungua friji kuyatoa makopo, na hapo ndipo alipokumbuka alikoyaacha.

Alipanda paani akiruka ngazi mbili mbili. Mfuko ulikuwa umeangushwa na upepo. Kifuniko kimoja kilikuwa mbali, kingine kimekanyagwa, na bata wawili weusi walikuwa wamezamisha midomo ndani ya makopo hadi machoni. Siagi ilikuwa imeyeyuka, imechanganyika na mchanga, manyoya na mengine yanayotoka kwa bata. Bata mmoja alimtazama, mdomo unang'aa mafuta, kama anayeuliza kama kuna zaidi.

Maduka hayakuwa yamefunguliwa. Kengele ya kwanza ya kanisa ilikuwa imelia. Dimyana alisimama jikoni na makopo mawili matupu, akayaosha, akayaosha tena. Angeweza kuvuka barabara na kusema: Tasoni, nimeyasahau paani. Maneno matatu tu. Aliyajaribu kwa sauti ndogo, na hayakuwa magumu. Lakini kupitia dirishani alisikia kicheko cha Yustina kikivuka barabara, akaona jinsi kitakavyokuwa atakapoyasema mbele ya benchi zima.

Ndani ya friji, nyuma kabisa, kulikuwa na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Bibi yake wa kijijini alikuwa ameileta siagi ya maziwa ya nyati wake wa kufugwa, ingoje biskuti za Pasaka. Ilikuwa nyeupe kama chaki. Dimyana aliitazama muda mrefu. Kisha mikono yake ikaanza kufanya kazi kama si yake. Alikata kipande, akakiponda kwa mwiko, akatia mafuta ya alizeti ili kilainike, akatia binzari kidogo mno, unga unaobaki kwenye ncha ya kidole, mpaka weupe ukageuka kuwa manjano ileile ya siagi ya makopo. Akayajaza. Akalainisha juu kwa kijiko.

Ikawa siagi ya mfungo. Kwa macho tu.

Akamkumbuka Karas. Hakuwa amemsahau hata mara moja, ukweli usemwe. Alichukua mkate mmoja, akaupaka tahini aliyoichanganya na asali nyeusi ya miwa, akaukunja ndani ya karatasi na kuandika jina la Karas juu yake. Basi, alijiambia. Yeye atakula wake, wengine hawatadhurika. Siagi si sumu. Na hakuna atakayejua.

*

Ukumbi wa kanisa ulinuka maharage na ubani. Dimyana alipaka mikate ya shamsi, ile inayoumuliwa juani, zaidi ya hamsini, mmoja baada ya mwingine. Watoto walikula. Walimu walikula. Padri wao, Abuna Bimen, alikula mkate wake akiwa amesimama, akafumba macho.

"Enyi watu! Hii siagi ya mfungo siku hizi wameifikisha mbali. Mtu ukifumba macho utaapa imetoka kwa nyati!"

Watu walicheka. Bibi Balsam, bibi yake Karas, alitikisa kichwa chake chenye mtandio mweusi. "Siku zetu, Abuna, ilikuwa tahini asubuhi na tahini jioni. Ninyi mnafunga au mnasherehekea?"

"Binti Kairo!" Yustina alikuwa analamba vidole. "Kumbe una mkono mtamu. Njoo ukae hapa." Akasogea. Akasogea kweli, si benchi tu. "Njoo, nikueleze nani ni nani humu."

Miezi saba Dimyana alikuwa akiingojea nafasi ile, upana wa mtu mmoja kati ya Yustina na ukuta. Alikaa. Benchi lilikuwa na joto. Lakini alihisi kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwingine na mwenyewe yuko njiani anakuja.

Karas alikuja na mkate wake ndani ya karatasi, hajaufungua.

"Mbona wangu una jina?"

"Nimekuwekea tahini na asali nyeusi. Unaipenda."

"Lakini wenzangu wote wana siagi." Mdomo wake ulianza kuinama. "Dimyana, ni Kwaresima. Kwaresima sisi wote tunakula sawa."

"Mwacheni mtoto aonje naye," alisema Yustina, akamkatia nusu ya mkate wake. "Shika, habibi. Binti Kairo, usiwe mchoyo."

"Karas..." Dimyana alisema.

"Nini?"

Benchi zima lilimgeukia. Kinywa chake kilikuwa wazi, maneno yalikuwa hapo hapo nyuma ya meno.

"Kula polepole," alisema.

Karas akaung'ata mkate, macho yanacheka.

Haikuchukua muda. Kwanza alijikuna shingo. Kisha alikohoa, akakohoa tena. Tasoni Nargis alipomgeuza uso, midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuvimba, na mabaka mekundu yalikuwa yanapanda mashavuni.

"Vumbi!" alisema mtu. "Ni hili vumbi la khamasini. Fungeni madirisha!"

"Amekula nini?" Bibi Balsam alifika mbio kuliko umri wake. "Amekula nini, jamani?"

"Mkate na siagi ya mfungo tu, Mama. Alichokula ndicho tulichokula sote," alisema Tasoni Nargis. "Haina maziwa, nimeinunua mwenyewe. Nimesoma kopo."

"Basi ni vumbi." Bibi Balsam alipumua. "Wiki iliyopita pia alikohoa. Mlazeni chumba cha ndani, leteni kitambaa cha maji. Atatulia. Mungu ni mwema, chakula hakina neno."

Wakamlaza. Wakafunga madirisha. Watu wakaanza kurudi kwenye maharage yao. Dimyana alisimama mlangoni mwa chumba kile akisikia pumzi ya Karas ikipiga filimbi, kama upepo unaopita tundu la funguo. Wote waliomzunguka walikuwa wanampenda, na hakuna hata mmoja aliyejua. Ndani ya ukumbi wa watu themanini, yeye peke yake ndiye aliyejua. Hata kule ngazini hajawahi kuwa peke yake kiasi kile.

"Si vumbi," alisema. Hakuna aliyemsikia. Akapaza sauti hadi ikapasuka. "Si vumbi! Ni siagi! Ni ya nyati! Nimeitia mimi!"

Watu waligeuka hadi meza ya mwisho.

"Bata wamekula ile ya Tasoni. Niliisahau paani. Nikachukua ya Pasaka ya nyumbani, nikaitia rangi. Ina maziwa. Yote ina maziwa."

Alingoja kofi. Kofi halikuja. Bibi Balsam alikuwa amekwisha kumbeba mjukuu wake begani kama gunia na Abuna Bimen alikuwa anatafuta funguo za gari kwenye kanzu yake nyeusi.

"Na wewe njoo!" padri alimwambia Dimyana. "Wewe ndiye unayejua alichokula. Ingia!"

*

Mlangoni mwa chumba cha dharura walipokelewa na muuguzi mwenye zamu. Alimlaza Karas kitandani kwa mikono miwili, akamwita daktari kwa sauti, akauliza bila kuinua kichwa, "Amekula nini?"

Abuna Bimen alimtazama Dimyana.

"Siagi ya Bibi wa kijijini," alisema Dimyana. "Mama, ni mimi niliyempa."

Samiha aliinua kichwa. Kwa muda wa pumzi moja alikuwa mama tu. Kisha akawa muuguzi tena, akapokea sindano kutoka kwa daktari, akaidunga pajani mwa mtoto. Dimyana alihesabu. Alipofika mia mbili na kumi, filimbi ilianza kupungua. Alipofika mia nne, Karas alifungua jicho moja na kusema kwa sauti ya chura, "Bibi, nina kiu."

Bibi Balsam alikaa sakafuni, akafunika uso kwa mtandio wake.

Daktari alitoka akijifuta jasho. "Mngekaa naye robo saa nyingine kwenye hicho chumba chenu cha madirisha yaliyofungwa, tungekuwa tunazungumza mengine. Nani aliyesema ni siagi?"

Abuna Bimen alimwelekeza Dimyana kwa kichwa, naye akatazama viatu vyake.

Nyumbani, mama yake hakupiga kelele, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alikaa ukingoni mwa kitanda bado amevaa sare. "Uliposahau makopo paani, ulifanya kosa ambalo mtoto yeyote angelifanya," alisema. "Ulipotia binzari, hapo ndipo ulipokosa. Kidole chako kilijua kinaficha nini." Kisha akamvuta kifuani. "Na uliposema mbele ya watu wote, ulinirudishia binti yangu. Yote matatu ni wewe. Kesho tutakwenda kwa Bibi Balsam."

Walikwenda. Bibi Balsam alisikiliza ombi la msamaha mlangoni, akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango taratibu.

Ijumaa iliyofuata Abuna Bimen aliwaambia watoto kwamba aliyekula bila kujua hajavunja mfungo, wala asijisumbue. Yustina aliinua mkono. "Na aliyetulisha, Abuna?" Padri akasema, "Aliyetulisha alisema kweli wakati kunyamaza kulikuwa rahisi. Wewe umewahi?" Yustina akaushusha mkono. Lakini nafasi ya upana wa mtu mmoja pale kwenye benchi ilikuwa imejaa mikoba. Dimyana alirudi ngazi ya nne. Ngazi ya tatu ilikuwa tupu. Bibi Balsam hakumleta tena Karas kula kanisani, na Kwaresima, sikukuu yake, ikaisha akiwa ndani.

*

Jumatatu ya Pasaka, mji mzima, Wakristo kwa Waislamu, hutoka kando ya mto kunusa upepo wa majira mapya. Mikeka ilitandikwa hadi ukingoni mwa maji, na kila mkeka ulikuwa na mayai yaliyotiwa rangi, samaki wa chumvi na biskuti za samli. Mfungo umekwisha. Kila kitu kilinuka siagi.

Karas alikuwa amekaa mwisho wa mkeka wa bibi yake, kopo la bati magotini, akimenya yai la bluu.

Dimyana alisimama mbele yao, mama yake nyuma yake kwa hatua chache. Mkononi alikuwa na kopo la siagi ya mfungo ambalo halijafunguliwa, ngozi ya plastiki bado imekaza kifunikoni, na mfuko wa biskuti.

"Heri ya Pasaka, Bibi Balsam," alisema. "Biskuti hizi tumezipika kwa siagi kama hii. Hakuna samli wala maziwa. Bakuli tulinunua jipya, na mwiko mpya. Kopo hili halijafunguliwa. Lifungue wewe mwenyewe."

Bibi Balsam alivaa miwani yake. Alilipindua kopo, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma neno kwa neno, midomo ikitembea. Kwenye mkeka wa pili Yustina na wenzake walikuwa wameacha kula.

"Kopo nimelisoma," alisema Bibi Balsam hatimaye. "Biskuti hazina maandishi. Ndani yake kuna nini?"

"Unga, siagi ya mimea, sukari, ufuta na hamira."

"Nani aliyekanda?"

"Mimi."

"Ulitia kitu kingine chochote?"

"Niliunguza sita," alisema Dimyana. "Hizo nimezila mwenyewe."

Bibi Balsam alimtazama juu ya miwani. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kona ya mdomo wake ikasogea. Alichukua biskuti moja, akaivunja vipande viwili, akatazama ndani yake kama mtu anayetazama kisima. Kisha akampa Karas kipande kimoja.

"Shika, kula."

"Ni salama, Bibi?"

"Muulize aliyekupa."

Karas alimgeukia Dimyana. Macho yake hayakuwa yanacheka kama siku ile. Yalikuwa yanauliza.

"Ni salama," alisema Dimyana. "Nakuapia... hapana, siapi. Ni salama."

Karas akala. Wote walingoja, hata upepo ulionekana kungoja. Alimeza, akajilamba, akanyoosha mkono kutaka nyingine. Kisha akasogea kwenye ukingo wa mkeka, akapigapiga mahali palipobaki wazi. "Kaa. Leo hakuna ngazi."

Dimyana alikaa. Mkeka wa pili mtu alikohoa, na Yustina akaja akiburuta viatu, yai jekundu mkononi. "Zimebaki?" aliuliza, akiutazama mfuko na si watu. "Biskuti. Zile ambazo hukuunguza."

"Nawa mikono kwanza," alisema Karas. "Una siagi."

Na Yustina, aliyezoea kuwatuma wengine, akaenda mtoni kunawa.

Bibi Balsam alifungua kopo, akampakia Dimyana kipande cha mkate kwa mkono wake mwenyewe. "Sikiliza, mwanangu," alisema, "na ukumbuke hata utakapokuwa bibi kama mimi. Huyu mjukuu wangu hawezi kuonja kwanza ndipo ajue. Yeye hali mkate tu. Anakula na neno la aliyempa. Na si yeye peke yake. Sisi sote tunakula kutoka mikono ambayo hatukuiona ikipika. Ukiharibu chakula, utapika kingine. Ukiharibu neno lako, usikae ukilia ngazini. Likande upya, pole pole, na uwaache watu walisome kwa miwani yao mpaka waridhike."

Akampa ule mkate. Dimyana aliupokea kwa mikono miwili, na hakuuliza umepakwa nini.